Siku Sylus Alipolegeza Nyuzi

Zamani mtu wa Voi akitaka muziki alitafuta mtu wa kuupiga. Siku hizi anatafuta mahali pa kuchajia simu.

Sylus alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la mkonge. Gitaa halikuwa kazi yake, lilikuwa ugonjwa wake. Wenzake walinunua mbuzi, yeye akanunua magitaa, hata chumba cha mbele kikajaa. Palikuwa na la kwanza kabisa, la mbao za sanduku na nyuzi za breki za baiskeli. Palikuwa na jekundu la umeme, lililovunjika shingo akaliunga kwa gundi, na la besi aliloachiwa na rafiki yake Makokha wa reli. Amplifaya yake ya valvu, nzito kama jiwe la kusagia, ilitaka iwashwe na kuachwa ipate moto kwanza. Chini, zimepangwa kama viatu mlangoni, zilikaa pedali za kukanyaga: ya mwangwi, ya kukwaruza sauti, na moja iliyolia kama mtoto anayeachishwa ziwa.

"Baba Daisy, wageni wakija wakae wapi?" mkewe Wakesho aliuliza. "Juu ya besi?"

"Wakae juu ya amplifaya. Lakini wangoje ipoe."

Gitaa la kuwekwa hulegezwa nyuzi ili shingo isipinde; la kupigwa Jumamosi huachwa limekazwa. Ya Sylus yote yalikuwa ya Jumamosi. Alilegeza mara moja tu, Makokha alipofariki, maana ndiyo iliyokuwa desturi ya bendi yao ya shambani: kabla jeneza halijainuliwa, mwenzake alilegeza nyuzi za gitaa la marehemu mbele ya watu wote, na hakuna aliyekohoa. Baada ya mazishi zilikazwa tena. Aliyekufa ni mtu, si gitaa.

Kisha vidole vya mkono wa kushoto wa Sylus vikakataa kukunjika. Daktari aliupa ugonjwa huo jina refu ambalo Sylus hakujisumbua kulishika. Alitaka jambo moja tu, vyombo vyake viendelee kupigwa. Mtu wa hoteli ya watalii alitaka kuvitundika ukutani, akamfukuza. Ndipo Austin, mchungaji kijana wa kanisa lake, alipokuja na pikapu kuvichukua kwa ajili ya kanisa.

"Mchungaji, vitapigwa?"

"Kila Jumapili, mzee wangu. Vijana wana kiu."

"Na ile ya valvu wasiiguse kabla haijapata moto."

"Kabisa, mzee. Kabisa."

Vijana wa leo husema kabisa pale ambapo wazee walisema ndiyo.

Jumapili iliyofuata Sylus alikaa mbele, amevaa koti. Kinanda kilijipiga chenyewe kutoka kwenye flashi, ngoma na besi na gitaa vyote humo humo, na vijana wakaimba juu yake. Jumapili nyingine, vivyo hivyo. Ya tatu hakungoja ibada iishe. Alimwita Austin kando.

"Viko wapi?"

"Stoo, mzee. Viko salama. Vijana wanasema kukaza nyuzi kunachosha, kinanda ni kubonyeza tu."

Alivikuta nyuma ya viti vya plastiki. Juu ya amplifaya palikuwa na mtungi wa maji. Pedali zilikuwa ndani ya ndoo, zimesongamana na taa za Krismasi. Magitaa yaliegemea ukuta, nyuzi zimekazwa vilevile kama siku aliyoyatoa nyumbani, kama abiria waliovaa vizuri ambao hawajaambiwa kwamba treni imeshapita.

"Nikuitie pikapu uvirudishe?" Austin aliuliza, macho chini.

"Kwangu atavipiga nani?"

Akavuta kiti, akaketi. Akalibana gitaa jekundu kati ya magoti na kuanza kuzungusha vifungo vya nyuzi kwa mkono wa kulia.

"Mzee, unaliharibu?"

"Nyamaza kidogo, Mchungaji."

Kinanda kiliendelea ukumbini. Gitaa moja baada ya jingine, Sylus akalegeza, la besi la Makokha mwishoni. Uzi wake mnene ukashuka sauti, ukashuka tena, mpaka ukawa waya tu.

Akaushusha mtungi sakafuni, akapangusa alama ya maji juu ya amplifaya kwa mkono wa koti. Mlangoni aligeuka. Magitaa yalikuwa yameegemea ukuta, nyuzi zikilegea kama kamba za kuanikia nguo. Hakuyaona tena.