Seli Zilizochoka Kuitwa

Maabara nzima walimwita Mama Seli, na jina likamkaa. Alizilea seli zake kama vifaranga: alizilisha, alizisafisha, na kila akifungua kabati la joto alizisalimia. Zilikuwa seli za pituitari, kile kitezi kilicho chini ya ubongo, kidogo kama punje ya harage, lakini kina amri kuliko wakubwa wengi.

Kazi yake ilikuwa kuzipelekea ishara. Pampu ilidondosha protini ndogo, ile ambayo mwilini hutoka kwenye ubongo. Seli zikiipokea, protini nyingine za ndani hupokezana ujumbe hadi kwenye jeni, jeni inaamka, na homoni ya uzazi inaanza kutengenezwa.

Wiki hiyo kichwa chake hakikuwa kazini. Bintiye, kifunguamimba na kitindamimba kwa pamoja, alikuwa ameanza kazi mji mwingine. Mama alipiga simu asubuhi kuuliza kama amekula, mchana kuuliza amekula nini, jioni kuuliza kama alishiba. Mwanzoni binti alipokea. Baadaye akawa anajibu kwa ujumbe. Kisha kimya. Mama Seli akaanza kujiuliza: au mtoto kanichoka?

Jioni moja, simu ikiwa sikioni, aliondoka bila kuiwekea pampu vipindi vya mapumziko. Ikadondosha usiku kucha. Kesho yake vipimo vikaonyesha jeni imelala fofofo.

"Ishara umezipa tele, halafu ndiyo zinalala?" aliuliza mtunza stoo, rafiki yake wa chai.

"Ndiyo tabia yao, mwenzangu. Ziite, nyamaza, ziite tena, zitaitika. Ukiziita mfululizo, zinavuta ndani milango ya kupokelea, zinajifungia."

Huku akisema hayo, kidole chake kilikuwa kinabonyeza namba ya binti. Mtunza stoo aliitazama simu, akamtazama yeye, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mama Seli alinuna, akaona aibu, mwishowe naye akacheka.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Simu alimkabidhi mumewe, naye, mtu wa mizaha, akawa anazunguka nayo mfukoni humo nyumbani kama askari wa zamu. Pampu ilirekebishwa na jeni ikaamka, ila Mama Seli hakuona raha. Alitaka sauti moja tu.

Jumapili simu ikalia.

"Mama, kulikoni? Unaumwa?"

"Mzima, mwanangu. Nilikuwa nakupumzisha."

Binti akaongea: kazi, jirani mwenye redio, bosi anayesinzia kikaoni. Chakula kikapoa mezani, mama anasikiliza tu, hata lile swali la kula likamtoka kichwani. Mwisho akajikaza.

"Haya. Utapiga ukinikumbuka."

"Mama, mimi nakukumbuka kila saa. Ila kila nikishika simu nikupigie, nakuta umeshapiga."