Kwikwi ya Vashti Gadsden

Katika jengo moja la Mtaa wa 133, Harlem, wapangaji wengi waliujua mkono wa kushoto wa Vashti Gadsden kabla ya kuijua sura yake. Mchana alikuwa mshonaji. Jioni mkono huo ulipenya kuta zote: noti nzito chini, kisha mruko hadi katikati ya piano kudaka fungu la sauti, kisha chini tena, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Na kila baada ya hatua kadhaa, jiwe moja lilikuja kabla ya wakati wake. Noti hiyo iliyoruka foleni majirani waliiita kwikwi ya Vashti.

Aliipata mwaka 1921, kwa maelezo yake mwenyewe. Dada yake alisisitiza ni 1922. Shangazi yao alikuwa na piano ya kujipiga yenyewe. Ukikanyaga pedali, gombo la karatasi lenye matundu lilijiviringisha, na kila tundu lilipopita, kibonye kilishuka bila kuguswa. Vashti hakuwa na mwalimu. Alipunguza mwendo mpaka gombo likatambaa, akatia vidole vyake pale vibonye viliposhuka. Wengi wa mtaa ule walijifunza hivyo hivyo, kwa mwalimu asiye na mwili wala hasira.

Baadaye aliona mikono ikibadilika. Wazee wa ragtaimu, muziki wa piano wa mwanzo wa karne, walikuwa wamepiga kwa unyoofu wa cherehani. Rika lake likatanua hatua, likatia mbwembwe. Kisha ukaja wepesi: mkono wa kushoto ukaanza kutembea badala ya kuruka, mzigo ukaachiwa mpiga besi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wakatokea na mkono wa kulia unaokimbia kama unafukuzwa, na wa kushoto unaogusa hapa na pale.

"Wanadonoa kama kuku mgonjwa," Vashti alizoea kusema.

Mwaka 1959 jengo lao lilipangiwa kubomolewa. Piano, ile ile ya shangazi, isingeenea kwa binti wa Vashti, alikokuwa akihamia, na viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba kiasi kwamba hata sindano ilimshinda. Hakuhuzunikia mbao. Alitaka kujua kama mkono wake wa kushoto ulikuwa na mrithi. Kwa hiyo alimwita Roscoe Ambler, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa sasa akipiga katika bendi, aje Jumamosi asubuhi. Akifaulu, piano ni yake. Akishindwa, inakwenda kanisani.

Roscoe aliingia na kofia kichwani, akavua koti, akalikunja bitana nje na kulilaza juu ya piano, kama walivyofanya mafahali wa piano wa zamani. Vashti akatabasamu kidogo. Walau hilo alikuwa hajalisahau.

Akapiga. Kulia kulimiminika kama mvua, kushoto kulidonoa.

"Mkono mwingine umeuacha kwenye teksi?" Vashti akauliza.

"Mpiga besi hunibebea, Bi Vashti."

"Hapa hakuna besi. Nibebe mimi."

Akajaribu mruko wa kale, akakosa jiwe mara tatu, akaondoa mikono.

"Miaka sita nilikufundisha, mwanangu."

"Na miaka sita ulinichapa vidole kwa rula kila nilipoisahau hiyo kwikwi yako."

"Basi kaisikie kwa aliyenifundisha. Bwana Tisdale!"

Fundi wa piano, Lemuel Tisdale, aliyekuwa ameshinda asubuhi hiyo akiziba mifuko ya hewa inayoendesha vibonye, iliyokuwa imetoboka, akaweka gombo la zamani na kukanyaga pedali. Vibonye vikaanza kushuka. Vashti aliinua kidole kungoja noti yake. Wakati wake ukapita, kimya.

"Rudisha," akasema. Ikapita tena. "Bwana Tisdale, hujaitengeneza hiyo mashine."

"Mashine ni nzima, Bi Vashti." Fundi aliinama, akapapasa karatasi. "Hapa palichanika, mtu akabandika kiraka. Mchano huo ndio uliokuwa ukipiga noti ambayo haikuandikwa."

Kiraka kilikuwa cha karatasi ya kahawia, ile ile shangazi aliyozoea kubandikia vitabu vyake vya nyimbo za kanisani. Vashti akaketi polepole. Karibu miaka arobaini alikuwa amejivunia tundu.

"Kumbe nilichapwa kwa ajili ya mchano!" Roscoe akaangua kicheko, kisha akaona uso wa Vashti. Akarudi kwenye kiti cha piano. "Bi Vashti, usisikilize kulia. Sikiliza kushoto tu."

Akapiga ule mtindo wake mpya. Mkono wa kushoto ulikaa kimya, ukagusa, ukakaa kimya. Na kila ulipogusa, uliwahi. Ulikuja kabla ya wakati wake.

"Vingine vyote nilivitupa," akasema bila kuacha kupiga. "Hiki kilikataa kuniacha. Wenzangu huniuliza nilikitoa kwa nani."

"Ukawaambiaje?"

"Kwa mwanamke mmoja mkali wa Mtaa wa 133."

Vashti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa pini kwenye ukosi wake na kumpa Roscoe, maana vidole vyake mwenyewe visingeweza kazi iliyofuata.

"Toa hicho kiraka. Taratibu, usije ukachana pengine, wajukuu wangu wakajifunza kwikwi nyingine."

Kiraka kikabanduka. Tisdale akakanyaga pedali, na kibonye kikashuka mapema.

"Ichukue," Vashti akasema.