Tezi ya Mzee Milimita

Mtaani walimwita Mzee Milimita, naye hakuchukia. Kwa miaka thelathini na miwili alipima viwanja vya watu, na katika muda wote huo hakuna aliyemwonyesha kosa, hasa kwa sababu kila aliyejaribu aliitwa kichwa maji mbele ya wanawe. Hata baada ya kustaafu, picha za ukutani kwake hazikuthubutu kukaa upande.

Kwa hiyo daktari alipomwambia ana saratani ya tezi dume, na kwamba imegunduliwa mapema, Milimita hakuuliza kama atapona. Aliuliza, "Hiyo mionzi yenu inalenga kwa usahihi wa kiasi gani?"

"Milimita moja hivi, mzee."

"Hivi?" akasema, kama mtu aliyetukanwa.

Alikubali hata hivyo tiba ya siku tano. Akawekewa punje tatu za dhahabu ndani ya tezi, ndogo kuliko mchele, ili mashine izione na ijue pa kupiga. Ndugu waliambiwa anatibiwa mgongo. Lakini mkewe alimsikia bafuni akijisifu peke yake kwamba sasa naye ana alama za mipaka, tena za dhahabu.

Akapewa na karatasi ya masharti. Siku moja kabla asile maharage wala kabichi, asinywe soda. Asubuhi aende haja kubwa. Anywe nusu lita ya maji saa moja kabla ya tiba. Kisha alale atulie. Milimita aliisoma kwa miwani yake, akaona sharti la maana ni hilo la kutulia. Maji akayapima kwa jagi lenye mistari. Maharage akala sahani mbili.

"Baba watoto, karatasi imekataza," mkewe akamkumbusha.

"Karatasi imeandikiwa wasiojua kutulia. Niongeze."

Mkewe akaongeza. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake alilala kwenye kitanda cha mashine amenyooka kama rula, mikono kifuani. Mashine ikaanza kumzunguka, ikasimama. Ikaanza tena, ikasimama tena. Mlango ukafunguka, akaingia mtaalamu wa mionzi, binti wa rika la wajukuu zake, mpole kama mtu aliyekwisha kuona mengi.

"Mzee, imesogea milimita nane."

"Binti yangu, mimi sijasogea hata unywele."

"Wewe hujasogea, mzee wangu. Ni tezi."

"Tezi yangu iende wapi bila mimi?"

Binti akamgeuzia skrini. Zile punje tatu zilikuwa zimetoka nje ya duara zao kama wapangaji waliofukuzwa, na nyuma yao palituna kitu cheusi.

"Hiyo ni hewa. Utumbo uko nyuma ya tezi. Ukijaa hewa unaisukuma mbele. Ikipita milimita tatu mashine inajizima, isije ikaunguza kibofu. Jana ulikula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani, mzee?"

"Cha nyumbani."

Binti akatoka kumuuliza mkewe aliyekuwa kwenye benchi. "Maharage," mama akajibu kabla swali halijaisha. "Sahani mbili. Na soda."

Milimita akaamriwa atembee koridoni mpaka hewa itoke. Huko aliwakuta wazee wawili ndani ya magauni ya hospitali, hakimu mstaafu na fundi bomba, wakitembea kwa adabu bila kutazamana. Akajiunga nao. Robo saa nzima alitembea huku amebana, jasho likimtoka.

"Mzee mwenzangu," fundi bomba akamwambia, "bomba likijaa hewa halizibwi, linafunguliwa. Hapa huna mkwe."

Basi akaachia. Muuguzi aliyekuwa mwisho wa korido aliinua kichwa kutoka kwenye mafaili. Hakimu, bila kugeuka, akasema, "Pingamizi limeondolewa."

Milimita akangoja ardhi immeze. Ardhi ikakataa. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, na mkewe alipofika akakuta kicheko kimegeuka machozi.

"Naogopa, mke wangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Najua. Tangu lini wewe ukala sahani mbili za kitu chochote? Ulitaka kushindana na karatasi, maana ugonjwa huuwezi." Akamfunga vizuri kamba za gauni mgongoni. "Haya, rudi ukalale."

Mara hii punje zilitulia mahali pake, na tiba ikaisha kwa dakika kumi. Siku nne zilizobaki alikula wali mweupe na supu nyepesi, wala hakubishana na mtu, isipokuwa kuhusu saa ya ukutani iliyochelewa sekunde arobaini.

Miezi mitatu baadaye kipimo cha damu kinachoonyesha saratani hiyo kilikuwa kimeshuka vizuri. Milimita akaita ukoo mzima chakula cha mchana, akawaambia ukweli, na akawaamuru wanawe wawili waliovuka hamsini waende kupimwa Jumatatu. Kisha, ili asiwepo wa kusema hakuelewa, akasukuma sahani kando, akatandaza mezani mchoro wa tezi, kibofu na utumbo wenye hewa, wenye vipimo vyote. Mama mkwe wa mwanawe mkubwa akaomba maji ya kunywa.