Dereva Haambiwi Msiba Njiani

Dereva mpya nilikuwa namjua kwa namna anavyokaa kula. Mzoefu hukaa popote, anakula, anaitukana barabara, anaondoka. Mpya hugeuza kiti aliangalie lori lake, kila tonge jicho liko nje, utadhani mali ya tajiri itaota miguu. Kibanda changu kilikuwa kando ya barabara hapa Bahi, na miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye vijisenti alipoanza kununua lori kuukuu, niliwalisha wengi. Wengi wao sikuwaona mara ya tatu. Walirudi kulima, na mimi niliwaombea heri. Watu husema waliacha kwa sababu ya tope au mshahara. Si kweli. Waliacha siku walipoelewa kwamba tajiri akiuliza "gari limefika salama?", hakuwa akiwaulizia wao.

Gideoni hakuacha, na ndiyo maana namwandika yeye.

Alikuwa Mgogo mwenzangu, mtu wa Kongwa, mwembamba, mpole kupita kiasi. Hata chumvi aliiomba kama anayeomba msamaha. Usukani alijifunzia kwenye trekta la shamba kubwa alikokuwa kibarua. Shamba lile lilipopata mwenyewe mpya, vibarua na madereva wakapunguzwa, naye akaangukia kwenye malori. Nyumbani alikuwa na mkewe Loisi na binti yao mmoja, Violeth, ambaye hakuwa ameanza shule.

Safari zake hazijafika tano, difu ya lori, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikakatika karibu na kibanda changu, juu kuna magunia ya alizeti kutoka Singida. Akatandaza matawi barabarani mbele na nyuma, kama inavyotakiwa, kisha akamtuma utingo wake, Fredy, apande basi kwenda Dodoma mjini kumwarifu tajiri. Jibu lililetwa na dereva wa basi: spea inatafutwa, Gideoni asibanduke kwenye gari. Fredy mwenyewe hakurudi. Nilisikia anauza mitumba sokoni. Yule alikuwa na akili.

Ukiwa dereva barabara ile, hubanduki. Ukiacha gari lenye mzigo na gunia moja likapotea, wewe ni mwizi, na jina lako litafika Singida kabla yako. Basi Gideoni akahamia chini ya lori. Mvua ilimkuta pale, mbu wa mbuga walimkuta pale, homa ikampanda na kushuka pale pale. Ndevu zilimjaa, mashavu yakaingia ndani. Nilimlisha, naye akanichotea maji, lakini hakwenda kisimani bila kumwachia mtu lori alitazame. Kila jioni aliniambia spea inakuja kesho. Mimi niliacha kuitikia.

Ndipo akaja Matonya, dereva wa siku nyingi, akitokea upande wa mjini. Huyu kwa kawaida hupita akipiga honi tu. Siku hiyo alizima injini, akashuka, akavua kofia. Akamshika Gideoni mkono na hakuuachia upesi.

"Juzi nilikuwa Kongwa kupakia mahindi," alisema. "Mwanao anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, fika nyumbani."

Akampa mkate na sukari, akapanda gari lake, akaenda.

Asiye mtu wa barabara atadhani hiyo ni habari ya homa. Sisi tulielewa vingine, kwa sababu dereva haambiwi msiba njiani. Akifiwa na mama, ataambiwa mama hajisikii vizuri. Akifiwa na mke, ataambiwa nyumbani kuna wageni, awahi. Wanaogopa atazama kwenye mawazo na kuliingiza gari korongoni. Ni huruma, na kila dereva ameipokea au ameitoa. Gideoni mwenyewe alishamfanyia hivyo mwenzake pale Manyoni.

Alikaa chini kwenye tope, akaegemea tairi, akalia kwa sauti. Sikupenda kumwona mwanamume akilia namna ile. Niliepua chungu, wanawake wa jirani wakaja na khanga zao, tukakaa naye kando ya lori kama watu wa matanga.

"Nenda, mwanangu," nilimwambia. "Sisi tutalala hapa na magunia yako."

"Nikaone nini, mama? Kwa joto hili wamekwisha kumzika. Nitakuta udongo, na udongo utanisubiri. Spea inakuja kesho kutwa."

"Na Loisi? Naye ni udongo?"

Aliufuta uso kwa kiganja chenye tope.

"Nikimfikia sina mtoto na sina kazi, nitamfariji na nini?"

Nilimkasirikia, nikaondoka. Kesho yake nilimpelekea uji, maana hasira haishibishi mtu.

Kesho kutwa ikapita. Spea ilikuja wiki iliyofuata, na fundi akaifunga huku mvua ikinyesha. Gideoni alifikisha mzigo mjini, magunia yakatimia, tajiri akamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye dereva. Kisha akamruhusu kwenda nyumbani.

Yaliyobaki alinisimulia mwenyewe. Alipofika Kongwa alikuta moto wa waombolezaji bado unawaka uani na wanawake wamelala kwenye mikeka. Alishangaa matanga kuchukua muda wote huo. Akaingia ndani, akamshika mkewe mabega, akamwambia, "Pole, mama Violeth. Nilijua tangu siku ile, ila gari lilikuwa limenifunga."

Loisi akamtazama.

"Ulijua nini? Tumemzika jana."

Matonya alikuwa amesema kweli tupu. Siku ile mtoto aliumwa kidogo. Akazidiwa baadaye, akalazwa, akakaa kitandani akimngoja baba yake. Kila lori lilipopita nje ya hospitali alisema, "Baba huyo," na Loisi alisimama akaenda dirishani kutazama. Alisimama hivyo mpaka miguu ikavimba.

Nilipompata Matonya nilimshukia kama mwewe. Kwa nini alivua kofia? Kwa nini alishika mkono wa mtu namna ile?

"Mama Paskazia, ulimwona alivyokuwa?" alisema, machozi yakimlenga. "Nilimkuta amekwisha, mifupa mitupu, anaishi chini ya gari kama mbwa. Nilimhurumia yeye! Mtoto nilijua atapona."

Nikakosa wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Tajiri naweza kumlaani, na nimemlaani sana, lakini laana yangu haikumpunguzia hata kilo moja. Alinunua lori la pili mwaka uleule.

Nilidhani Gideoni ameshaacha. Nilimwombea aache. Mwisho wa kiangazi lori lile lile likasimama mbele ya kibanda, akashuka yeye. Alinisalimu shikamoo kwa upole wake uleule, akaagiza ugali na mlenda. Nilimuuliza habari za nyumbani. Alisema Loisi humpakulia chakula na kumfulia nguo, ila hajamsemesha tangu siku ile.

"Sasa unangoja nini ndani ya lori hilo?" nikamwambia, kwa sauti iliyowageuza wateja wengine. "Mwachie mwenyewe lichuma lake. Kalime. Kakae na mkeo hata kama hasemi."

Alikuwa ananawa. Maji yalimwagika yakaisha mkononi mwake, naye bado amekinga viganja.

"Mama," alisema, "mwanangu aliniita sikuiacha kazi hii. Leo nikiiacha kwa sababu nimechoka, Loisi nitamwambia nini?"