Profesa Aliyekaa Kitako

Mtoto wa msusi hujifunza kukaa kabla hajajua kutembea vizuri. Binti huyu alijifunzia kati ya magoti ya mama yake, katika saluni ya chumba kimoja, mbele ya kioo chenye ufa uliozibwa kwa picha ya ua. Kila mtindo mpya ulianzia kichwani mwake, ili wateja wauone kabla hawajautaka. Siku nzima shingo imeinama, sikio linavutwa huku na huku, na akitikisika kidogo kitana kinamgonga bega.

"Tulia, mwanangu. Uzuri hauna haraka."

Akatulia. Hata shuleni alitulia vivyo hivyo: alipowekwa ndipo alipokutwa. Walimu walimpenda kwa hilo, na wenzake wakampa jina la Profesa, maana aliweza kusoma hata wengine wakipigana juu ya dawati lake.

Alipochaguliwa kwenda chuo kusomea ualimu wa historia, saluni iligeuka baraza. Kila mteja alikuwa na lake, na aliyekuwa mbali zaidi na chuo ndiye aliyekijua zaidi.

"Kule hakuna kengele," alisema dada mmoja aliyekuwa anafumuliwa. "Unaamka ukijisikia."

"Usimpotoshe mtoto wa watu!" Huyo alikuwa shangazi yake Profesa, aliyewahi kusoma chuo muhula mmoja kabla ya kuolewa, na kwa muhula huo mmoja akaheshimiwa mtaa mzima. "Chuo ni kigumu, nyie. Mhadhiri anaongea, unasikia kila neno, na huelewi hata moja. Ukiona umeelewa, ujue umeingia darasa la watoto."

"Na watoro wapo?" mama akauliza, uzi mdomoni.

"Wamejaa tele! Wanaingia kipindi cha kwanza, wakitoka huwaoni tena mpaka kesho. Sasa wewe binti yangu, ukikaa, kaa kitako."

Profesa aliyameza maneno hayo kama mtu anavyomeza dawa, bila kuyatafuna.

Basi akafika chuoni, akauliza njia ya kwenda kwenye kipindi chake cha kwanza, akaonyeshwa Ukumbi wa Pili. Ulikuwa ukumbi mkubwa wenye viti vilivyopanda kama ngazi, na feni moja iliyotikisa kichwa kama mzee anayekataa posa. Mhadhiri wa historia ya elimu alipoingia, Profesa alisimama kumwamkia kama walivyofanya shuleni. Alisimama peke yake.

"Kuna swali?" mhadhiri akauliza.

"Hapana, mwalimu. Shikamoo."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Akaketi, uso unawaka, na palepale akajiapiza kwamba katika chuo hiki hatafungua tena mdomo mbele za watu.

Kipindi kilipokwisha, wanafunzi waliinuka karibu wote wakatoka. Profesa akawasindikiza kwa macho ya huruma. Watoro, tena siku ya kwanza! Miongoni mwao alimwona msichana wa ualimu kama yeye, aliyepangwa naye chumba kimoja bwenini, ambaye watu walimwita Kicheko kwa sababu alikuwa akicheka kabla hadithi haijafika mwisho. Maskini mama yake, Profesa akawaza.

Yeye alibaki. Abaki kwa nini? Kwa sababu huko alikotoka darasa ni chumba. Mwanafunzi ana dawati lake, na walimu ndio wanaopishana mlangoni, huyu anatoka na chaki, yule anaingia na ramani. Ratiba ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, aliiona, lakini ilikuwa na herufi na namba kama za magari, na shuleni ratiba ilikuwa mali ya walimu. Mwanafunzi kazi yake ilikuwa kuwepo.

Na kweli mhadhiri mwingine aliingia, mwembamba, akajaza ubao hesabu za bima. Nyuma yake akaja mama mmoja mkali kuzungumzia sheria za ardhi. Alasiri akaja mtu wa miwani mikubwa aliyechora tumbo la ng'ombe. Ukumbi ulijaa na kumwagika, ukajaa tena nyuso nyingine, naye akadhani ni wale waliochelewa kuamka. Aliandika kila kitu. Hakuelewa chochote, na kutokuelewa kwenyewe kulimpa moyo: chuo ndicho hiki alichoambiwa.

Jioni mama alipiga simu. Profesa alikuwa na simu ndogo ya vitufe, isiyojua mambo ya makundi wala picha.

"Leo mmesoma nini, mwanangu?"

"Tumbo la ng'ombe. Lina vyumba vinne."

"Vinne! Na kwetu watu sita tuna viwili. Na mwalimu wa historia anafundishwa mpaka hayo?"

"Mpaka hayo, mama."

"Jamani! Ngoja nikawaambie."

Siku zikafuatana hivyo. Kilichomchosha hakikuwa masomo. Shuleni ukikohoa mara mbili unaulizwa kulikoni. Hapa alikaa katikati ya mamia ya watu, mabega yakigusana, na hakuna aliyemjua hata kwa sura. Akitoka ukumbini machweo, alijihisi kama koti lililosahauliwa kitini. Wakati mwingine alijiuliza kama wenzake nao wamechanganyikiwa vile vile na wanaficha. Nyuso zao hazikusema.

Kila Profesa alipokimbilia bwenini mchana kula, alimkuta Kicheko chumbani, mara amelala, mara anapaka kucha rangi. Siku moja uvumilivu ukamwishia Profesa.

"Mwenzangu, samahani, lakini nisipokwambia nitakuwa nimekukosea. Unatoka baada ya kipindi cha kwanza kila siku. Nyumbani kwenu wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Wazazi wamejinyima. Mtu ukija kusoma, soma."

Kicheko alimtazama, kidole kimoja kimepakwa, vingine bado. "Haya, bibi mkubwa, nimesikia. Sisi wengine akili zetu za kawaida. Wewe unayesoma masomo ya chuo kizima, Mungu akuzidishie." Akacheka, lakini hakumcheka yeye usoni. Aligeukia ukuta.

Profesa hakuielewa ile "chuo kizima". Aliichukua kama mzaha, akaenda zake.

Wiki ya nne, yule mhadhiri wa miwani mikubwa alitangaza kwamba kesho yake kila mtu aje na buti na koti, wanakwenda zizini kupima mimba za ng'ombe. Profesa hakuwa na buti. Kiapo chake kikamlegea. Akasubiri watu watoke ukumbini, akashuka ngazi kwa ngazi mpaka mezani.

"Samahani, mwalimu. Sisi wa ualimu wa historia, hizo mimba za ng'ombe zinatuhusu kwa upande gani?"

"Haziwahusu kwa upande wowote."

"Sasa mbona tunasoma?"

Mhadhiri alivua miwani. "Binti, wewe umefikaje humu?"

"Mimi nakaa humu, mwalimu. Tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi ya leo?"

"Ya kila siku."

Alipong'amua, akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kufuta machozi akaona kwamba aliye mbele yake hacheki. Akachukua chaki. "Tazama. Hapa mwalimu ana chumba chake na saa yake. Wewe ndiye unayemfuata. Akimaliza huyu, unainuka, unamtafuta mwingine. Vipindi vyako vingine viko majengo ya kule nyuma ya maktaba."

"Na mimi sijaonekana huko wiki zote hizi? Hakuna aliyeniulizia?"

"Hapa hatuulizii watu," alisema mhadhiri, na sauti yake ilionyesha kwamba hakuwahi kulisema jambo hilo kwa maneno. Kisha akamwelekeza kwa mkuu wa idara ya ualimu.

Mkuu wa idara hakucheka wala kugomba. Alikuwa anakula karanga huku anasahihisha kazi. "Jaribio la saikolojia ni Jumatatu. Ukilikosa au ukilifeli, unarudi nyumbani, unaanza upya mwakani. Hilo si langu, ndiyo kanuni."

Ilikuwa Alhamisi. Profesa alirudi bwenini akatoa begi chini ya kitanda. Alikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akampigia mama, akamwambia yote, kuanzia shikamoo mpaka mimba za ng'ombe na nguo anazokunja.

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ilikuwa ikivuma. Mama akaizima.

"Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi huyo anayekunja nguo ni nani?" Akavuta pumzi. "Kosa langu, mwanangu. Kukaa nilikufundisha. Kuinuka sikuwahi kukuonyesha. Hamna hata mtu mmoja hapo wa kukusaidia?"

Alikuwepo mmoja, na huyo ndiye aliyekuwa mgumu kuliko jaribio lenyewe. Kicheko alipoingia, alikuta begi kitandani na mwenyewe amesimama katikati ya chumba kama mgeni.

"Unasafiri?"

"Kicheko, vipindi vya saikolojia unaingia?"

"Vyote. Kwani wewe huwa unakaa wapi? Nilidhani uko kundi lingine."

Profesa akamweleza. Alitegemea kicheko; kingemstahili. Mwenzake alibana midomo, mabega yakatikisika, machozi yakamtoka, lakini alijizuia mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile siku ulipokuwa unanihubiria..."

"Nilikuwa mtoro kuliko wewe. Nisamehe."

"Nilimpigia mama siku ile nikamwuliza kama mimi ni mvivu." Alilisema taratibu, na sasa hakukuwa na mzaha. Kisha akaondoa begi kitandani kwa mguu, akaketi. "Kaa hapa. Tunaanza na namna mtoto anavyojifunza. Usiandike kitu. Unaandika mno. Sikiliza, halafu uniambie mimi."

Hiyo ndiyo ilimtesa. Kunakili alijua, kusema anavyofikiri hakujua kabisa. Kicheko alimwuliza, "Wewe unaonaje?" naye akatafuta katika kichwa chake sauti ya mwalimu fulani imwambie anaonaje, asiipate. Ijumaa alilia. Jumamosi alibisha kidogo. Jumapili mchana alibishana na Kicheko juu ya watoto na adhabu mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta.

Jumatatu alifanya jaribio. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata alama za kuvukia tu, kama mtu anayevuka mto maji yakimfika kidevuni. Chini, mhadhiri alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hapa mwishoni umeanza kusema mwenyewe. Endelea." Akausoma mstari huo mara kadhaa. Hakuwa na hakika ni sifa au onyo.

Alikuwa anabaki. Alilijua hilo, na bado hakujisikia kama mtu aliyefika. Watu walikuwa wanatoka ukumbini, Kicheko ametangulia zamani, na kipindi kilichofuata kilihamishiwa jengo ambalo hakuwahi kuliona. Profesa akainuka, akatoka, akaingia kwenye ujia mrefu wenye milango inayofanana, akakata kulia, kisha kushoto, akitembea haraka ili asionekane mgeni. Mwisho wa ujia kulikuwa na ukuta na ndoo ya kudekia.

Alipogeuka, nyuma yake walikuwa wamesimama wanafunzi watano, vitabu vifuani.

"Samahani," akawaambia. "Wa ualimu wanaelekea wapi?"

Wakatazamana. Msichana wa mbele akashusha vitabu.

"Sisi tulikuwa tunakufuata wewe."