Mtetemo Ulionyamaza Sachangwan

Mwanangu, kabla sijakukabidhi ufunguo wa gari hili, keti nikusimulie asubuhi moja ambayo bado naikumbuka. Ilikuwa miaka ya hamsini, hapa Nakuru, msimu wa mvua. Nilikuwa kijana nikifanya kazi katika gereji ya Fundi Athumani, mzee ambaye baba yake alitoka pwani akiifuata reli. Shemeji yangu Barnaba, mume wa dada yangu Ruthu, alikuwa dereva wa lori la mbao. Alikuwa akipanda Elburgon bila mzigo, akishuka na mbao. Siku hiyo aliingia kwetu akicheka.

"Shemeji, nikazieni breki upesi. Na usukani unanichezacheza, lakini huo ni wimbo wa barabara tu."

Barabara zetu wakati huo zilikuwa za changarawe, na magari yalikuwa yamezichimba mikunjo iliyopangana kama matuta ya viazi. Ukienda polepole, meno yaligongana. Madereva wote walijua dawa yake: kanyaga mafuta mpaka gari lipite juu juu, na kutetemeka kunaisha. Dawa hiyo ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyowaharibu. Kila mtetemo waliuita barabara, na kila mtetemo waliutibu kwa mbio.

Fundi Athumani hakubishana. Kawaida yake, gari linalotetemeka alilipeleka kwanza kwenye kile kipande cha lami cha mjini, kwa kuwa pale hapakuwa na mikunjo ya kusingiziwa. Tulipanda sote watatu. Akaendesha polepole kama mtu anayetembea. Usukani ukacheza kushoto, kulia, kila gurudumu lilipozunguka.

"Kingetikisika kiti, ningeangalia nyuma," akaniambia. "Unaocheza ni usukani. Tutaangalia mbele."

Akaongeza mwendo. Mtetemo ukapotea.

"Si nilisema!" Barnaba akajipiga paja. "Ukikanyaga, unanyamaza."

"Haukunyamaza, Barnaba. Wewe ndiye uliyeacha kuusikia."

Gerejini tukazikaza breki, kisha tukalipiga lori jeki. Nati zilikuwa zimekazwa, na gurudumu halikulegea tulipolisukuma juu na chini. Fundi akashika msumari karibu na rimu, nami nikazungusha: rimu ilikuwa imenyooka. Akausogeza kwenye tairi, na kila mzunguko mpira uligusa msumari mahali pale pale. Akalifungua gurudumu, akapitisha kiganja upande wa ndani, ule usioonekana na mtu aliyesimama nje, kisha akauchukua mkono wangu akauweka hapo. Palikuwa na uvimbe kama nusu ya limau. Nyuzi za ndani ya mpira zilikuwa zimekatika.

Tairi la akiba halikuwepo. Mwenye lori alikuwa amelifunga kwenye gari lake jingine. Fundi akamwambia Barnaba lori lilale pale hadi kesho. Barnaba akatazama mawingu.

"Mzee, mbao zinanyeshewa kule, na bwana mkubwa hatanisikiliza. Wiki nzima nimeshuka na tairi hilohilo."

"Basi nati utazikaza wewe. Mkono wangu hautakuwemo."

Akazikaza mwenyewe, akipiga mluzi. Alipokuwa akitoka langoni akanipigia kelele: "Mwambie dada yako aniwekee chakula!"

Tairi lilipasuka alasiri hiyo, kwenye mteremko wa Sachangwan, lori likiwa limejaa. Liligonga ukingo wa barabara, na mbao zikasukumana mbele hadi pale alipoketi. Nilipofika na Fundi, watu walikuwa wamesimama kwenye mvua.

"Breki hizo," mmoja akasema. "Mahali hapa ni breki tu."

Fundi alipiga magoti kwenye matope, akalipapasa lile tairi mpaka akaufikia mpasuko. Ulikuwa upande wa ndani. Akasimama taratibu.

"Msiseme breki kama hamkuangalia. Mkizisingizia breki, mwenzenu atakwenda kukaza breki, halafu auawe na tairi."

Tulirudi Nakuru. Kwa dada yangu taa ilikuwa imewashwa, na sahani ya Barnaba ilikuwa mezani, imefunikwa.

Basi, mwanangu, gari likitetemeka usikimbilie kuongeza mwendo. Tafuta mahali palipo laini, uende polepole, na uangalie kama inayotikiswa ni mikono yako au ni kiti chako. Ukishuka, jaribu nati, zungusha gurudumu, pitisha kiganja nje na ndani, hasa ndani. Ukishabadilisha kitu kimoja, lijaribu tena kabla ya kugusa cha pili, ama hutajua kilichokuwa kibovu. Na ukikuta ubovu, gari lisiondoke, hata kama anayekungoja anafoka. Nimeona watu wakifanya vivyo hivyo na maumivu ya kifua, na ugomvi wa nyumbani. Wanaongeza mbio hadi hawasikii kitu, wanasema wamepona.

Shika ufunguo. Mungu akutangulie katika panda shuka zote za Bonde la Ufa, na sahani utakayofunikiwa jioni, uifunue kwa mkono wako mwenyewe.