Miguu Ishirini na Minne ya Kushoto

Shangazi yangu hukasirika upesi na hucheka upesi zaidi. Ni fundi cherehani, ana kibaraza chake mbele ya duka la rangi, na wanaomfahamu humwomba nguo zao akiwa anacheka.

Mwaka ule kicheko kilimwisha. Vyuma vilikuwa vimekaza kila nyumba. Watu waliacha kushona nguo mpya, wakawa wanaleta za zamani zitiwe viraka juu ya viraka, hata suruali ya seremala jirani yetu ikawa haina tena kitambaa chake cha asili. Mwisho viraka navyo vikaadimika. Shangazi akawa anashinda kibarazani akiipaka mafuta cherehani isiyo na kazi, amenuna kana kwamba mimi ndiye niliyepandisha bei za vitu. Siku moja akanitangazia kwamba ameshazungumza na mnunuzi wa vitu chakavu. Jumamosi angekuja na mkokoteni kuichukua cherehani.

Sikuweza kula siku hiyo. Cherehani ile ndiyo iliyonisomesha, ndiyo iliyomtibu babu, na shangazi hakuwa na kazi nyingine anayoijua duniani.

Sasa sikia maajabu. Jumatano asubuhi akatokea kiongozi wa bendi ya matarumbeta, jitu refu lenye sauti inayotikisa vikombe. Walikuwa na harusi Jumamosi mchana. Walitaka suruali kumi na mbili, na kitambaa alikuwa amekileta mwenyewe begani, rangi ya damu ya mzee, upande mmoja unang'aa na wa pili umefubaa. Wenzake walikuwa wamejipanga nje, na shangazi akawapima kumi na wawili wote bila kuvuta pumzi. Walipoondoka alinishika mikono tukazunguka kibarazani mpaka muuza rangi akatuuliza kama tumerithi.

Haraka haraka haina baraka, lakini nani angemwambia? Alikuwa anaimba. Katika kukata nguo nyingi kwa mpigo kuna sharti moja ambalo hata mwanagenzi wa wiki ya kwanza analijua: kitambaa chenye uso na mgongo hukunjwa uso kwa uso, ili mkasi ukipita upate mguu wa kulia na wa kushoto. Shangazi, akiimba ubeti wa tatu, alipanga tabaka zote zikitazama juu. Akapitisha mkasi. Akarudia. Akamaliza, akanisukumia lundo.

"Shangazi, miguu ya kulia iko wapi?"

"Iko hapo chini, tafuta."

Nilitafuta. Nilikuwa na miguu ishirini na minne na yote ilikuwa ya kushoto. Kugeuza hakukufaa, ungepata mtu anang'aa mguu mmoja na mwingine umefubaa. Nakiri nilicheka. Shangazi alinirushia chaki, akanirushia futi, kisha akakaa chini akalia, nami nikaona haya.

Tulikimbilia duka la vitambaa. Muuzaji akatikisa kichwa. Kipande cha mwisho cha rangi ile alikuwa amekiuza jana yake kwa yule mama pale. Tukageuka. Kwenye kaunta alisimama mama mwembamba, miwani yake imefungwa sikioni kwa uzi mweupe, naye alikuwa anagombana na muuzaji akipokee tena kitambaa. Naye ni fundi. Mteja wake alikuwa ameghairi, hana kitu.

"Kilichokatwa hakirudi," muuzaji akasema.

"Hata nami," shangazi akasema kwa sauti ya msiba, "kilichokatwa hakirudi." Akatoa miguu yake mfukoni, akaipanga kaunta nzima.

Yule mama akaitazama mmoja baada ya mwingine. Mabega yakaanza kumtikisika. Akacheka mpaka akakalia jora la pazia, akavua miwani, akajifuta macho.

"Pole, dada. Usidhani nakucheka wewe. Mimi niliwahi kukata mikono thelathini ya kulia. Kwaya nzima!"

Kisha akanyanyua kitambaa chake akamwekea shangazi kifuani.

"Chukua."

"Nitakupa nini mimi?"

"Kwani nimekuuliza? Kwangu kitaliwa na nondo. Twende nikakukatie. Wewe leo usiguse mkasi."

Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wanasema, lakini huyu hakuwa rafiki. Tulikuwa tumemjua kwa muda wa kuchemsha chai. Na Alhamisi alfajiri alikuwa kibarazani petu, amejitwika kichwani cherehani yake ndogo ya mkono.

Siku mbili zile sizisahau. Wale wawili walishona huku wakitaniana kama mawifi. Shangazi aliusema mshono wa mwenzake kwamba ni kama umeparuliwa na kuku, naye akamwuliza kama anahitaji kuonyeshwa kulia ni wapi. Ile miguu kumi na miwili ya kushoto iliyozidi haikutupwa: yule mama aliigeuzageuza, akasema, "Hizi ni kofia." Zikawa kofia kumi na mbili.

Ijumaa jioni shangazi alikwenda kununua vifungo. Aliporudi, mgeni wetu alikuwa ameshaondoka na cherehani yake. Nilikuwa napiga pasi. Aliniaga tu kwamba maji ya bomba yatamkatikia nyumbani. Siku zote mbili tulimwita dada. Jina hatukuuliza. Tulijua tu kwamba anakaa bondeni, ng'ambo ya daraja.

Jumamosi bendi ikavaa. Kiongozi alipoona kofia alimbusu shangazi utosini, akalipa papo hapo. Shangazi akafunga nusu ya malipo kwenye leso. Mara mnunuzi wa vitu chakavu akafika na mkokoteni wake.

"Cherehani iko wapi, mama?"

"Haiuzwi! Ila mkokoteni umekuja vizuri. Pakia hiyo ngoma kubwa." Akamgeukia kiongozi. "Harusi saa ngapi?"

"Tuna saa mbili mbele yetu."

"Basi pasheni midomo. Tunakwenda bondeni."

Tukavuka daraja kwa matarumbeta, shangazi mbele, mnunuzi wa vitu chakavu akisukuma ngoma huku anacheza mabega, kina mama nyuma wakipiga vigelegele bila kujua vya nini. Kila kibaraza chenye cherehani shangazi alisimamisha bendi na kuuliza: "Mnamjua fundi mwenye miwani ya uzi?" Kibaraza cha nne wakatuonyesha mlango.

Akatoka mwenyewe, pini zimejaa mdomoni. Akazitoa moja moja, akizitia kiganjani, akitazama kofia, suruali, umati.

"Kuna nini?"

Shangazi akamsogelea, leso mkononi. "Nimekuja kusema ahsante," akasema, akampa leso.

Yule mama akarudi nyuma hatua moja. "Mwaka mzima anayebisha hapa ni mwenye nyumba tu," akasema. "Mmeshanilipa. Hiyo sichukui."

"Huchukui?"

"Sichukui."

Shangazi akaigeukia bendi. "Haya, vueni suruali! Mguu wa kulia ni wa huyu mama, tunamrudishia!"

Umati ukalipuka. Kiongozi akashika kiuno kwa mikono miwili. Mpiga tuba, mtu mtiifu, akaanza kufungua mkanda.

"Wewe, acha!" yule mama akapiga kelele, akainyakua leso, akicheka na kulia kwa pamoja. Shangazi akamvuta akamkumbatia pale mlangoni, kwa nguvu zake zote. Pini zilikuwa bado kiganjani mwa yule mama, zikamchoma shangazi mgongoni, naye hakumwachia.